Jinsi ya Kuandika Wasifu wa Baba Aliyekuwa Mwanamaji: Mwongozo Kamili kwa Familia

Wasifu wa wanamaji wastaafu ninaoletewa kusahihisha kabla haujachapwa huharibika karibu kila mara mahali palepale. Aya ya kwanza hutaja shule zote alizosoma marehemu, aya ya mwisho hutaja hospitali zote alizolazwa, na katikati miaka ishirini na zaidi ya utumishi hubanwa katika sentensi moja: "Alijiunga na Jeshi la Wanamaji akalitumikia kwa uaminifu hadi alipostaafu." Sentensi inayofuata husema kwamba alikuwa mume na baba mwenye upendo, bila kueleza upendo huo aliuonyeshaje ilhali kazi yake ilikuwa kuondoka nyumbani.

Mwongozo huu ni wa mtoto, mpwa au mkwe aliyekabidhiwa kalamu na kikao cha mazishi naye ana siku tatu au nne tu. Nimezilenga hasa familia za Kenya, ambako makao makuu ya jeshi hilo yako Mtongwe, Mombasa. Msomaji wa Tanzania ambaye mzee wake alikuwa katika kamandi ya wanamaji ya JWTZ, Kigamboni, anaweza kuzifuata hatua hizihizi akibadilisha majina ya meli.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Cheti cha kumaliza utumishi jeshini, au hati yoyote ya pensheni yenye cheo chake cha mwisho na tarehe za kuingia na kutoka.
- Kitambulisho cha taifa na, kikipatikana, cheti cha ndoa.
- Picha nne au tano za karatasi, zikiwemo moja ya sare na moja ya nyumbani.
- Namba za simu za watu wawili waliotumikia naye.
- Daftari la kawaida na kalamu mbili. Simu ya kurekodia sauti inafaa, lakini haichukui nafasi ya daftari, kwa sababu msibani hutapata saa mbili tulivu za kusikiliza ulichorekodi.
- Jina la mzee mmoja wa familia atakayeidhinisha maandishi ya mwisho. Kamati nzima haifai kwa kazi hii. Anatakiwa mtu mmoja.

Hati hizi mara nyingi huwa pamoja ndani ya bahasha ya kaki au mfuko wa plastiki chini ya godoro, au kwenye sanduku la chuma. Mwombe Mama akutolee yeye mwenyewe. Usipekue, hata kama unajua zilipo.

## Hatua ya 1: Ujue wasifu utasomwa wapi na kwa muda gani

Uliza hili kwanza, kwa kuwa urefu na lugha ya wasifu hutegemea mahali utakaposomwa. Kwa familia ya Kikristo, wasifu husomwa kanisani au uwanjani kabla ya maziko, na huchapwa ndani ya kijitabu cha ibada. Kwa familia ya Kiislamu, maiti huzikwa mapema na hakuna nafasi ya kusoma wasifu kaburini; maandishi yatafaa siku ya hitima au arobaini, au kuwekwa kama kumbukumbu ya nyumba. Hapo pia utaandika "marhumu" badala ya "marehemu", na utakuwa na muda mrefu zaidi wa kuandika.

Muulize mshereheshaji umepewa dakika ngapi. Kwa kipimo changu, mtu anayesoma kwa utulivu huku koo likimkaba humaliza maneno 100 hivi kwa dakika. Ukipewa dakika saba, andika maneno 650 wala usifike 700, kwa sababu kutakuwa na mahali atakaponyamaza.

Tahadhari: usikubali jibu la "andika tu, tutaona." Wasifu usio na kipimo hukatwa na mshereheshaji papo hapo, na kwa kawaida kinachokatwa ni mwisho, ambako uliweka mambo mazuri.

## Hatua ya 2: Wapigie simu watu wa jeshi siku ya kwanza

Ikiwa familia inatamani heshima za kijeshi, iwe ni mpiga tarumbeta, wabeba jeneza waliovaa sare au mwakilishi wa kusema maneno machache, ombi hilo lipelekwe mapema, kwa simu na kwa barua yenye namba yake ya utumishi. Utaratibu wa mtu aliyefariki akiwa kazini ni tofauti na wa mstaafu, na uamuzi ni wao. Chama cha wanajeshi wastaafu, DEFOCA, ni mlango mzuri wa kuanzia, kwa kuwa wazee wa huko wanajuana kwa majina.

Usiandike heshima hizo kwenye ratiba iliyochapwa mpaka upate jibu. Nimewahi kukaa msibani ambapo kijitabu kilitangaza tarumbeta, umati ukasimama kimya ukingoja, na hakuna aliyekuja. Kimya kile bado nakikumbuka.

## Hatua ya 3: Nyoosha tarehe kabla ya kuandika sentensi hata moja

Familia hukumbuka tukio lakini husahau mwaka. Njia inayofanya kazi ni kuyafunga maisha yake kwenye matukio ambayo kila mtu anayajua. Badala ya kumuuliza Mama "Baba alihamishwa mwaka gani?", muulize kama ilikuwa kabla au baada ya kifo cha Mzee Jomo Kenyatta, Agosti 1978, kama mtoto wa pili alikuwa amezaliwa wakati wa jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, kama Baba alikuwa kazini siku kivuko cha Mtongwe kilipopinduka, Aprili 29, 1994, kama nyumba ilikuwa imeezekwa wakati wa mvua za El Niño za 1997. Kwa Tanzania, Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, kuzama kwa MV Bukoba Mei 21, 1996, na kifo cha Mwalimu Nyerere Oktoba 14, 1999, hufanya kazi hiyohiyo. Majira nayo husaidia: mtu wa pwani anaweza asijue mwezi, lakini atakwambia mara moja kama ilikuwa kusi au kaskazi.

Kisha pima majina ya meli dhidi ya miaka, maana hapa ndipo aibu nyingi hutokea. Jeshi la Wanamaji la Kenya liliundwa Desemba 1964. Aliyevaa sare ya wanamaji kabla ya hapo alikuwa katika jeshi la wanamaji la kikoloni la Afrika Mashariki, ambalo lilivunjwa mwaka 1962, na ni lazima useme hivyo. Meli za Simba, Chui na Ndovu ni za mwaka 1966, Mamba ni ya 1974, Nyayo na Umoja zilianza utumishi katika nusu ya pili ya miaka ya 1980, na Jasiri ilipokelewa mwaka 2012. Kwa hiyo rasimu inayosema Baba alikuwa kwenye KNS Nyayo mwaka 1979 ina kosa, ama la mwaka au la meli, na ni juu yako kulitafuta.

Siandiki haya kwa kujionyesha. Nilipomwandikia baba yangu mdogo niliiamini kumbukumbu ya binamu yangu, nikataja meli ambayo ilikuwa haijaundwa wakati mzee anaingia kazini. Wastaafu watatu waliokaa benchi la nyuma wakatazamana. Mmoja wao akatikisa kichwa, na sikuweza kusoma vizuri tena hadi mwisho.

Tahadhari mbili za maneno. Baharia ni yeyote anayefanya kazi melini, ikiwemo meli ya mizigo. Mwanamaji ni askari. Usiyachanganye. Cheo nacho kinakiliwe kama kilivyo kwenye cheti cha utumishi, si kama kilivyozoeleka mtaani, ambako kila mstaafu huitwa "Kamanda" au "Afande".

Utajua hatua hii imekamilika ukiweza kuandika kwenye ukurasa mmoja mstari wa miaka kuanzia kuzaliwa hadi kufariki, na kila tarehe ikawa na hati au watu wawili wanaoikubali. Tarehe isiyo na uthibitisho iache, au andika "mwanzoni mwa miaka ya 1980".

## Hatua ya 4: Ongea na watu watatu, kila mmoja kwa swali lake

Mama. Usimkalie asubuhi ambapo wageni wanaingia. Subiri jioni, akiwa ameshakunywa chai, ukae chini karibu naye. Usimuulize "Baba alikuwa mtu wa namna gani?", kwa kuwa atajibu kwamba alikuwa mtu mzuri na mtaishia hapo. Muulize kuhusu kitu: begi lake la safari lilikuwa likikaa wapi? Nani alilipanga? Siku akirudi, alikuwa anafanya nini kwanza?

Mwenzake wa kazini. Mwamkie inavyostahili, jitambulishe kwa jina la baba yako, kisha uliza kazi yenyewe. Mazungumzo yangu na mmoja wao yalikuwa hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Mzee, nyumbani tunajua tu kwamba alikuwa jeshini. Hasa alikuwa anafanya nini humo chomboni?"

"Injini. Baba yako alikuwa mtu wa chini, kwenye joto. Sisi wa sitahani tukilalamika jua, yeye alitucheka."

Jibu hilo moja lilibadilisha wasifu mzima, kwa sababu watoto waliokuwa wakisikiliza walielewa ghafla kwa nini Baba hakuwahi kusikia vizuri upande mmoja, na kwa nini walikuwa wakifokewa kwa kunong'ona mezani. Fundi wa mitambo, mpishi, mtu wa redio, mpiga mbizi na karani wa stoo wote ni wanamaji, lakini kila mmoja alirudi nyumbani na tabia tofauti.

Mtoto wa mwisho au mjukuu. Huyu alimfahamu akiwa mstaafu. Atakueleza kuhusu fundo la kamba alilowafundisha kufungia mbuzi, ambalo huwa gumu mbuzi akivuta lakini hufunguka kwa mkono mmoja. Au shati lililokunjwa hadi kingo zikalingana. Au kikombe alichokiosha mwenyewe kila siku saa kumi na moja alfajiri kabla nyumba haijaamka.

Tahadhari: mstaafu akianza kukusimulia operesheni, sikiliza kwa heshima lakini usiandike. Yanayojulikana na wote, kama vile majeshi ya Kenya kutua Kismayu kutoka baharini mwishoni mwa Septemba 2012, yanaweza kutajwa kwa sentensi moja ikiwa kweli alikuwepo. Idadi ya watu, njia, silaha na majina ya walio kazini bado hayana nafasi katika kijitabu kitakachozagaa kwenye simu.

## Hatua ya 5: Jenga wasifu juu ya kuondoka na kurudi

Hii ndiyo hatua wengi huiruka, nayo ndiyo inayobeba zote. Maisha ya mwanamaji mwenye familia hayakugawanyika katika sura ya kazi na sura ya nyumbani. Yalikuwa kamba moja: anaondoka, nyumba inaendelea bila yeye, anarudi, anaanza kuizoea upya. Ukitaka kuonyesha kwamba aliipenda familia yake, tafuta alichofanya usiku wa kuamkia safari na alichofanya saa ya kwanza baada ya kurudi, kisha uandike hayo mawili.

Linganisha. Rasimu ya kwanza ya familia moja ilisema:

"Marehemu alilitumikia Jeshi la Wanamaji kwa miaka 23. Alikuwa mume mwema na baba mwenye upendo aliyewajali wanawe."

Baada ya jioni moja ya kumsikiliza Mama, aya hiyo ikawa hivi:

"Kila alipopangiwa doria, Baba aliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la Mama siku atakazokuwa nje, karo inayodaiwa, na jina la mwenye duka atakayetukopesha unga. Aliporudi, kabla hajavua viatu, alilifungua daftari na kufuta deni moja baada ya jingine kwa kalamu nyekundu. Alifanya hivyo kwa miaka 23."

Aya ya pili haina neno "upendo", na haikulihitaji. Miaka ya utumishi pia haikupotea, kwani imehamia mwisho wa aya, mahali inapoonekana uzito wake.

Usifiche gharama. Ikiwa hakuwepo mtoto wa tatu alipozaliwa, liandike kwa utulivu: alipata habari chomboni, akamwona mtoto akiwa na wiki tano. Ikiwa alikuwa mkali aliporudi, kwa sababu nyumba haikuendeshwa kwa zamu kama meli, mnaweza kulisema hilo kwa tabasamu, ila Mama akubali kwanza. Wasikilizaji wanamjua marehemu, nao huacha kumwamini msomaji anayemwelezea malaika.

Mpangilio ninaoupendekeza ni huu: fungua kwa tukio moja la kuondoka au kurudi, ndipo urudi nyuma kwa kuzaliwa na wazazi kwa sentensi tatu, shule kwa sentensi moja, kuingia jeshini na kazi yake halisi, ndoa na watoto ndani ya miaka hiyohiyo ya utumishi, si baada yake, kustaafu na alichokifanya kwa mikono yake, ugonjwa kwa sentensi mbili tu, walioachwa. Wanaotaka kuanza na "alizaliwa" waache waanze, si dhambi, lakini watakuwa wamepoteza dakika ya kwanza, ambayo ndiyo dakika pekee watu wote husikiliza.

Dalili ya mafanikio: mpe jirani asome akiwa hajaona jina. Akisema "Huyu ni Mzee fulani" kabla ya kufika nusu, umeandika wasifu wake. Akisema "Ni mzuri", bado ungeweza kuwa wa mstaafu yeyote, na unatakiwa kurudi kwenye Hatua ya 4.

## Hatua ya 6: Orodha ya walioachwa

Fupi kuiandika, ngumu kuikubalisha. Andika majina yote kwenye karatasi moja, pamoja na ya watoto waliotangulia mbele ya haki, kisha mpelekee yule mzee mmoja asome na kuweka sahihi kila ukurasa. Suala la mke wa pili, mtoto wa nje ya ndoa au mtoto wa kulea si la mwandishi kuamua, wala si la kuamuliwa dukani kwa mchapaji saa nne usiku. Mzee akisha kutia sahihi, mabadiliko yote yapitie kwake.

## Hatua ya 7: Picha

Usitume picha kwa njia ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu programu hiyo huipunguza na uso hutoka na ukungu; itume kama faili, au bora uipeleke picha yenyewe dukani ikaskaniwe kwa nukta 300 kwa inchi. Ikiwa imekunjamana, iweke chini ya kitabu kizito usiku kucha.

Itazame picha ya sare kwa makini. Medali huvaliwa kifuani upande wa kushoto wa mvaaji, kwa hiyo zikionekana upande wake wa kulia, picha imegeuzwa kama kwenye kioo, na maandishi ya kofia yatakuthibitishia. Mchapaji hatajua. Wastaafu watajua kabla hawajaketi.

Weka picha ya sare ndani na ya nyumbani kwenye jalada, au kinyume chake kama Mama anataka; mimi hupendelea ya nyumbani jaladani.

## Hatua ya 8: Soma kwa sauti, hakiki, chapa

Soma wasifu wote kwa sauti ukiwa umesimama, saa ikiwa mkononi. Mahali ulipokosa pumzi, gawa sentensi. Mahali sauti ilipokatika, weka alama ya penseli, na mteue msomaji wa akiba atakayesimama kando yako akiwa na nakala yake.

Kabla ya kutoa idhini ya kuchapa, ondoa namba ya kitambulisho, namba ya utumishi na mahali nyumba ilipo. Matapeli husoma vijitabu vya mazishi, huwapigia wajane simu wakijidai maofisa wa pensheni, na nyumba isiyo na mtu siku ya maziko hutafutwa na wengine. Tarehe ya kuzaliwa inaweza kubaki mwaka tu.

Karatasi moja ya A4 iliyokunjwa hutoa kurasa nne, kwa hiyo kijitabu kiwe na kurasa nane au kumi na mbili. Ukileta tisa, utalipia tatu tupu. Dai nakala moja ya majaribio iliyochapwa, usiikague kwenye kioo cha simu, na soma majina ya walioachwa kutoka chini kwenda juu, kwa sababu jicho linalojua orodha huruka makosa likisoma kwa mazoea.

Hati zote ulizopewa na Mama ziskaniwe siku hiyohiyo, kisha zirudishwe mkononi mwake ndani ya mfuko uleule, zikihesabiwa mbele yake. Cheti cha utumishi hasa usikiache kwa mchapaji wala kwa mshereheshaji. Mama atakihitaji tena atakapokwenda kufuatilia pensheni.